KUSAMBAZA SI KUHAMISHIA: Uhakiki wa Istilahi za Barua Pepe katika Maagizo ya Ofisi

Utangulizi

Mfasiri wa maagizo ya ofisi ana dhima isiyofanana na ya mfasiri wa hadithi. Hadithi ikifasiriwa vibaya, msomaji hupungukiwa na utamu. Agizo likifasiriwa vibaya, mtumishi hutenda kinyume cha alivyoagizwa, naye hulala usingizi akiamini kuwa ametii. Kwa hiyo uhakiki wa istilahi za utawala si kazi ya kupamba lugha tu. Ni kazi ya kuhakikisha kwamba anayeagiza na anayeagizwa wanazungumza jambo moja.

Katika makala haya tunakusudia kuhakiki kundi dogo la maneno yanayohusu barua pepe, yaani jinsi seva inavyofikisha barua kwa mwenyewe, na jinsi msimamizi anavyoweza kuondoa ruhusa ya mtumiaji kuzipeleka barua zake zote, pasipo kuzigusa, kwenye sanduku jingine lililo nje ya ofisi. Mifano yetu tumeiweka Kilwa na mwambao wa Lindi kwa sababu mbili. Kwanza, ofisi za huko zimetengana: makao makuu ya Halmashauri ya Wilaya ya Kilwa yako Kilwa Masoko, hospitali ya wilaya iko Kilwa Kivinje, na ofisi ya Mkoa iko Lindi mjini. Kazi ya ofisi zilizotengana hivyo hutegemea barua. Pili, watu wa mwambao huo waliandikiana barua karne nyingi kabla ya kompyuta, na msamiati wa kuandikiana haukuanza jana.

Agizo moja, wasomaji watatu

Tuchukue agizo la mfano, ambalo tumelitunga wenyewe kwa kuunganisha maneno yanayoonekana mara kwa mara katika programu zilizofasiriwa kwa Kiswahili:

"Lemaza usambazaji wa barua pepe katika kiwango cha mtumiaji."

Msomaji ataona kwamba kila neno hapo ni la Kiswahili, na kwamba sarufi ya sentensi haina dosari. Tuseme agizo hili limefika Kilwa Masoko na kusomwa na watumishi watatu.

Karani wa masjala ataelewa kwamba ni marufuku kupeleka barua moja kwa watu wengi. Yeye kila wiki hupeleka matangazo ya mikutano kwa watendaji wa kata zote, na kazi hiyo huiita kusambaza. Atasita kuifanya, au ataomba ufafanuzi, na matangazo yatachelewa. Afisa utumishi atakwama kwenye neno "kiwango". Katika kazi yake kuna viwango vya mishahara na viwango vya posho, hivyo atajiuliza ni watumishi wa kiwango kipi wanaohusika na zuio. Msimamizi wa kompyuta peke yake ndiye atakayeelewa, lakini kwa njia ya ajabu: ataligeuza agizo hilo kwa Kiingereza kichwani mwake, alielewe kwa lugha hiyo, kisha ndipo atende.

Hapo ndipo ulipo ubovu wa tafsiri ya namna hii. Agizo la Kiswahili limeeleweka kwa yule asiyelihitaji kwa Kiswahili, na limewapotosha wawili ambao kwa ajili yao ndipo lilipofasiriwa.

Safari ya barua

Istilahi haiwezi kuhakikiwa pasipo kulijua jambo lenyewe. Kwa hiyo tueleze kwa ufupi jinsi barua pepe inavyosafiri.

Mtumishi wa Lindi akimwandikia mwenzake wa Kilwa, barua huchukuliwa kwanza na seva ya ofisi yake. Seva hiyo huuliza, katika orodha ya majina ya mtandao, ni seva ipi inayopokea barua za kikoa kilichotajwa katika anwani. Ikiwa njia ni nzima, barua hupelekwa mara moja. Ikiwa njia imekatika, barua hukaa foleni, na seva hujaribu tena na tena. Wakazi wa Kilwa wanaijua vyema foleni ya namna hii. Kabla ya daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, gari iliyotoka Dar es Salaam ilingoja kivuko cha Ndundu katika mto Rufiji, na mfuko wa posta uliomo garini ulingoja pamoja na abiria.

Barua ikifika kwenye seva ya Kilwa, kazi ya pili huanza. Seva huitazama anwani. Huenda anwani hiyo ni ya cheo, wala si ya mtu, na katika hali hiyo seva husoma orodha yake ili ijue leo cheo hicho kinashikwa na nani. Huenda ni ya mtumiaji, na hapo seva hutazama kama mtumiaji huyo ameweka agizo lake mwenyewe. Ikiwa hakuna agizo, barua hutiwa katika kikasha chake, na safari imekwisha.

Agizo hilo la mtumiaji ndilo kiini cha makala haya. Katika programu iitwayo sendmail, ambayo Eric Allman aliitunga katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwanzoni mwa miaka ya 1980, kila mtumiaji aliweza kuweka katika hifadhi yake faili dogo ambalo jina lake huanza na nukta. Ndani ya faili hilo huandikwa anwani nyingine. Tangu hapo, kila barua inayomjia hupelekwa kwenye anwani hiyo. Jambo ambalo wafasiri wengi hawalijui ni hili: kwa kawaida barua hiyo haibaki katika kikasha cha kwanza. Ikitakiwa ibaki, mtumiaji lazima aandike waziwazi kwamba nakala ibakizwe. Programu zilizofuata, kama Exim ya Philip Hazel wa Cambridge, ya mwaka 1995, na Postfix ya Wietse Venema, iliyotolewa mwaka 1998, zilirithi desturi hiyo. Msimamizi akitaka kuikomesha, katika Postfix huacha tupu mstari unaotaja mahali pa faili hizo, na katika Exim huondoa hatua moja katika mpangilio wa njia ya barua.

Kwa nini ofisi itake kuikomesha? Sababu ni nzito. Tuseme muuguzi mfawidhi ameagiza barua zake za kazi ziende kwenye sanduku lake binafsi. Majibu ya maabara ya mgonjwa aliyetibiwa Kivinje yatakuwa yamehifadhiwa katika kompyuta za kampuni ya nchi ya mbali, na hospitali haitakuwa na habari. Tangu tarehe 1 Mei 2023, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilipoanza kutumika, jambo hilo si uzembe wa kiofisi tu. Aidha, mtumishi akihama au akistaafu, agizo lake huendelea kutenda kazi mpaka mtu alifute. Barua za ofisi zitaendelea kumfuata aliyekwisha kuondoka, na jalada la ofisi litabaki na pengo.

Kuna na sababu ya kiufundi. Utaratibu uitwao SPF, uliotangazwa mwaka 2006 na kusahihishwa mwaka 2014, humwezesha mwenye kikoa kutangaza ni seva zipi zenye idhini ya kutuma barua kwa jina lake. Barua inayotoka Lindi ikipitia Kilwa na kupelekwa nje kwa agizo la mtumiaji, seva ya tatu huiona imetoka Kilwa ilhali inajitaja kuwa ya Lindi. Huishuku, na pengine huikataa kama barua ya ulaghai. Zaidi ya hayo, watumiaji wawili wakielekezeana barua, kila mmoja kwa mwenziwe, barua moja itazunguka baina yao mpaka seva ichoke kuihesabu. Katika Postfix kikomo cha kawaida ni vituo 50.

Neno "sambaza"

Sasa turudi kwenye maneno. Kitenzi "sambaza" kina maana iliyo wazi kwa kila mzungumzaji: ni kukifanya kitu kienee, kitoke mahali pamoja kifike pengi. Habari husambaa, ugonjwa husambaa, na maji yakipasua bomba husambaa. Jambo la lazima katika maana hii ni wingi wa mahali panapofikiwa. Barua moja inayotoka katika kikasha kimoja kwenda katika kikasha kingine kimoja haijasambaa. Imehama.

Watetezi wa neno hili watasema kwamba limekwisha kuzoeleka katika simu na kompyuta, na kwamba nchini Kenya limekuwa hata jina la huduma ya kumgawia mwenzako salio la simu. Hoja hiyo tunaiheshimu, wala hatudai kwamba neno lifutwe kila mahali. Mtu anayechukua ujumbe wa msiba na kuupeleka katika makundi matano ya simu kwa hakika anasambaza, na neno limekaa mahali pake. Hata huyo anayegawa salio bado tunaona chembe ya maana ya asili, kwamba kilichokuwa kwa mmoja sasa kiko kwa zaidi ya mmoja. Lakini mtumishi aliyeweka agizo la kudumu, ambalo huondoa barua zote katika kikasha cha ofisi na kuzipeleka kwake nyumbani, hagawi wala haenezi. Neno linalofaa kwa ujumbe wa msiba halitoshi kwa zuio la kisheria.

Wapo wanaotumia "peleka mbele". Hapa kosa ni la aina nyingine, kwa kuwa ni kivuli cha Kiingereza. Katika Kiswahili jambo likipelekwa mbele ama limeahirishwa, kama tarehe ya mkutano, ama limepandishwa kwa mkubwa, kama shauri linalopelekwa mahakama ya juu. Barua inayomfuata mtu haiendi mbele; huenda aliko.

Wapo pia wasemao "nifowadie". Neno hili ni hai katika mazungumzo, nasi hatuoni aibu ya maneno ya kukopa. Baraza, tangu lilipoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, limekubali mengi. Hata hivyo "fowadi" tayari ana kazi yake katika kiwanja cha mpira, na zaidi ya hapo neno hili linabeba utata uleule wa lugha lilikotoka: halitofautishi kati ya kupeleka barua moja kwa mkono na kuweka agizo la kudumu. Kukopa neno ni halali. Kukopa na utata wake ni hasara.

"Lemaza" na "kiwango cha mtumiaji"

Kuhusu "lemaza" hatuna maneno mengi. Kilema ni hali ya mwili wa binadamu au mnyama. Kumlemaza mtu ni kumdhuru. Kulitumia neno hilo kwa kila kitu kinachozimwa katika kompyuta ni ukatili wa lugha usio na faida, na ni kosa la maana vilevile, kwa sababu kilicholemazwa kwa kawaida hakirudi hali yake, ilhali kinachokusudiwa hapa chaweza kurudishwa kesho kwa mstari mmoja. Isitoshe, watu wenye ulemavu ni watumishi katika ofisi zetu. Hawana sababu ya kukutana na neno hilo kila wafunguapo kompyuta.

Badala yake lugha ina maneno ya kutosha. Kifaa huzimwa. Huduma husitishwa. Uamuzi hubatilishwa. Njia hufungwa. Katika jambo letu, kinachoondolewa si kifaa wala huduma, bali ni ruhusa. Seva itaendelea kuwa na uwezo wa kupeleka barua popote. Ni mtumiaji ambaye hataweza tena kuiamuru ifanye hivyo. Kwa hiyo tafsiri iliyo sahihi, ingawa ni ndefu zaidi kwa neno moja, ni "kuondoa ruhusa".

"Kiwango cha mtumiaji" nacho ni tafsiri ya neno kwa neno. Anayesema hivyo kwa lugha ya asili hakusudii kipimo chochote. Anakusudia kutaja ni nani mwenye kuamua. Kiswahili hulisema hilo waziwazi kwa kumtaja mwenyewe: agizo la mtumiaji, agizo la msimamizi, agizo la ofisi. Tukimtaja mwamuzi, karani ataelewa, na afisa utumishi hatatafuta jedwali la mishahara.

Kuna maneno ya kundi hili ambayo hatuyapingi. "Barua pepe" limefaulu kwa sababu lilijengwa juu ya neno ambalo kila mtu analo. "Kikasha" ni teuzi zuri, kwani kasha katika nyumba za pwani ni mahali pa kuwekea vitu vya thamani, tena hufungwa kwa kufuli. "Seva" ni neno la kukopa lililokaa vyema kinywani. Wanaotaka kuliita "mhudumu" wakumbuke kwamba ofisini mhudumu ni mtu, naye ana kazi zake. "Sanidi" tunalikubali kwa tahadhari, kwa kuwa limebebeshwa mizigo mingi mno: wengine hulitumia kwa kuweka programu mpya, wengine kwa kufuta na kuandaa diski, wengine kwa kuchagua masharti ya utendaji. Katika maagizo, heri kusema "weka masharti haya katika seva" kuliko "sanidi seva".

Msamiati wa masjala na wa pwani

Mfasiri aliyekwama huona kwamba lugha yake ni maskini. Mara nyingi umaskini huo si wa lugha, bali wa mahali alipotafuta. Barua pepe ni barua, na ofisi zetu zimeshughulika na barua tangu masjala ya kwanza ilipofunguliwa.

Barua ya serikali haiandikwi kwa mtu. Huandikwa kwa cheo. Anayeandika Kilwa humwandikia Mkurugenzi Mtendaji, si fulani bin fulani. Mkurugenzi akisafiri, barua hiyo hufunguliwa na Kaimu wake, wala hakuna anayeona ajabu. Mwalimu anayeomba uhamisho huipitisha barua yake kwa mkuu wa shule, na chini ya anwani huandikwa kwamba ni kwa kupitia kwake. Ikiwa wengine wapaswa kujua, huandikwa "Nakala" mwishoni na majina ya vyeo hutajwa. Barua iliyokosea anwani hurejeshwa kwa mtumaji. Barua yenye siri huingizwa katika jalada la siri na haitoki nje ya masjala pasipo saini katika daftari. Hapo tayari tunayo maneno sita ya kazi: kupitisha, nakala, kurejesha, kukabidhi, kuelekeza na kukaimu. Kila moja lina maana isiyoingiliana na nyingine, na kila mtumishi anazijua.

Kwa upande wa pwani ushahidi ni wa kale zaidi. Ziko barua zilizoandikwa Kilwa mwaka 1711 kwa hati ya Kiarabu, ambazo hutajwa kuwa miongoni mwa maandishi ya Kiswahili ya kale zaidi yaliyobakia. Zilipelekwa kwa Wareno wa Msumbiji na washirika wao. Leo hazipo Kilwa, wala hazipo Msumbiji. Zimehifadhiwa katika nyaraka za kihistoria za Goa, mji uliokuwa makao makuu ya utawala wa Wareno katika Mashariki. Walioziandika walimjua waliyemwandikia. Zitakakoishia hawakuwa na uwezo wa kukuchagua. Historia inazishukuru safari hizo, kwa sababu pengine Kilwa zisingesalia. Lakini kwa mwandishi wa barua ya siri ya ofisi, jambo hilohilo ndilo la kuogopwa: barua imefika ilikotumwa, kisha ikahamishiwa mahali ambapo mtumaji hakupajua. Barua hizo za Kilwa hakuna atakayesema zilisambazwa. Atasema zilipelekwa, zikahamishiwa, zikahifadhiwa.

Hata watunzi wa taratibu za mtandao walitambua haja ya kutofautisha. Katika utaratibu wa SMTP ulioandikwa na Jon Postel mwaka 1982, seva isiyo na mtumiaji aliyetajwa ina majibu mawili. Jibu namba 251 maana yake ni kwamba huyo si wa hapa, lakini nipe barua yake, nitampelekea. Jibu namba 551 maana yake ni kwamba huyo si wa hapa, peleka mwenyewe kwenye anwani hii. Karani mwema yeyote anajua tofauti kati ya kupokea dhamana ya barua na kumwelekeza tarishi njia. Ikiwa tarakimu zinatofautisha mambo hayo mawili, si vyema Kiswahili chetu kiyafumbate katika neno moja.

Mlango ulioachwa wazi

Huenda msomaji akadhani kwamba tunabishania maneno tu, na kwamba mafundi wataelewana. Tuoneshe basi jinsi istilahi isiyo thabiti inavyoweza kuleta hasara hata kwa mafundi.

Siku hizi mtumiaji ana njia zaidi ya moja za kuhamishia barua zake. Njia ya kwanza ni lile faili dogo tulilolieleza. Njia ya pili ni ukurasa wa masharti katika programu ya barua. Njia ya tatu ni kanuni za kuchuja barua. Katika lugha ya kanuni hizo iitwayo Sieve, iliyotangazwa mwaka 2001, lipo tendo la kuipeleka barua kwenye anwani nyingine, na tendo hilo lina jina lake tofauti kwa Kiingereza. Tokeo la njia zote tatu ni moja: barua imetoka nje.

Mfasiri wa kwanza akiita moja "usambazaji", wa pili akaita nyingine "kuelekeza upya", na wa tatu akaacha "fowadi", agizo linalokataza "usambazaji" litafunga mlango mmoja na kuacha miwili wazi. Msimamizi atakuwa ametii herufi ya agizo. Mkuu wake atakuwa ametia saini akiamini kwamba zabuni, majalada ya watumishi na taarifa za wagonjwa zimo salama. Siku ya uchunguzi kila mmoja ataonesha karatasi yake, na kila karatasi itakuwa sahihi. Kosa litakuwa la istilahi, na istilahi haiwezi kuitwa mbele ya kamati ikajieleza.

Mapendekezo

Kwa kuzingatia hayo, tunapendekeza maneno yafuatayo yatumike katika maagizo na miongozo ya ofisi.

1. Kufikisha (ufikishaji): tendo la seva la kuitia barua katika kikasha cha mwenyewe. Tunalipendelea kuliko "kuwasilisha", ambalo limezoeleka kwa mada na hoja mikutanoni.

2. Kupokezana (upokezanaji): seva moja kuipa seva nyingine barua ili iendelee na safari, mfano wa wakimbiaji wanaopokezana vijiti.

3. Kupelekea: mtumiaji kuichukua barua moja aliyokwisha kuipata na kumtumia mtu mwingine kwa hiari yake. Katika kitufe, neno "Pelekea" litafuatwa na jina la anayepelekewa, kama vile "Jibu" linavyofuatwa na jina la anayejibiwa. Tunajua kwamba baadhi ya waandishi hulitumia "kupelekea" kwa maana ya kusababisha. Muktadha wa barua hauruhusu mkanganyiko huo.

4. Kuhamishia (uhamishiaji): agizo la kudumu la mtumiaji linaloifanya seva ipeleke barua zake zote, au za aina fulani, kwenye anwani nyingine, kwa njia yoyote ile. Neno hili lina sifa ya kusema kweli juu ya jambo lenyewe, kwani barua huhama na haibaki. Ikibakizwa, isemwe "kuhamishia na kubakiza nakala".

5. Kuelekeza (uelekezaji): agizo la ofisi, linalowekwa na msimamizi katika seva, la kupeleka barua ya cheo kwa anayekishika cheo hicho au anayekikaimu.

6. Kusambaza: libaki kwa barua moja kwa watu wengi, na lisitumike kwa namba 3, 4 wala 5.

7. Kurejesha: seva kuirudisha kwa mtumaji barua isiyofikishika, pamoja na maelezo ya sababu.

8. Kuondoa ruhusa: badala ya "kulemaza", pale ambapo mtumiaji anazuiwa kutenda jambo. Kama zuio ni la muda, isemwe "kusitisha ruhusa".

Tofauti kati ya namba 4 na namba 5 ndiyo iliyo muhimu kuliko zote. Hofu ya watumishi wengi ni kwamba ruhusa ikiondolewa, barua za aliye likizoni zitakufa katika kikasha chake. Hofu hiyo huondoka mara tu mambo mawili yanapopewa majina mawili. Barua ya cheo humfuata mwenye cheo, na kazi hiyo ni ya ofisi. Barua kumfuata mtu popote aendapo ndiko kunakokatazwa. Kwa hiyo agizo letu la mfano lingesomeka hivi:

"Mtumiaji haruhusiwi kuhamishia barua za ofisi kwenye anwani iliyo nje ya seva ya ofisi. Msimamizi aondoe ruhusa hiyo kwa njia zote zilizomo katika seva. Barua za vyeo zitaendelea kuelekezwa na ofisi kwa wenye vyeo au wanaokaimu."

Ni sentensi tatu badala ya moja. Lakini karani ataendelea kusambaza matangazo yake bila hofu, afisa utumishi hatatafuta viwango, na msimamizi atajua kwamba milango ya kufunga ni mingi.

Hitimisho

Tumejaribu kuonesha kwamba ubora wa istilahi haupimwi kwa kuwa na neno la Kiswahili mkabala wa kila neno la Kiingereza. Orodha inaweza kujaa pande zote mbili na bado ikampotosha mtumishi. Ubora hupimwa kwa swali moja: aliyelisoma agizo kwa Kiswahili, pasipo kulijua la asili, atatenda nini?

Kwa wafasiri, ombi letu ni kwamba wasianze na kamusi. Waanze na fundi, wamuulize barua inapita wapi na inabaki wapi, kisha waende masjala wakasikilize maneno yanayotumika. Kwa walimu, tofauti baina ya kusambaza, kupelekea, kuhamishia na kuelekeza yafaa kuwa zoezi zuri la kauli za vitenzi, kwa kuwa kiambishi kimoja cha kutendea hapo kinaamua barua inakwenda kwa nani. Kwa watumishi wa serikali, kila watakapopokea agizo ambalo hawawezi kulielewa mpaka waligeuze kwa Kiingereza, walirudishe kwa aliyeliandika na kuomba lisemwe kwa Kiswahili. Maneno tuliyoyapendekeza yanangojea kujaribiwa katika kazi, na maoni ya wasomaji wa Kilwa, Lindi na kwingineko yatapokelewa katika toleo lijalo.